BEI YA HISA SIYO BEI YA KAMPUNI

(Mazungumzo ya mwanachama mmoja, mhasibu, mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kilolo)



Nimeombwa nizungumzie rai iliyo mezani, kwamba sehemu ya mfuko wetu wa kuwasaidia wanafunzi wenye shida inunue hisa za kampuni za semikondakta za nchi za nje. Semikondakta ndizo zile chipu zilizomo ndani ya simu, magari na kompyuta. Sikuja kuipinga rai hiyo wala kuipigia debe. Ninachotaka ni kwamba kabla hatujapiga kura, kila mmoja wetu ajue kuisoma bei. Fedha hizi zina wenyewe, nao ni hawa watoto walioketi hapa.

Tuanzie nyumbani. Tuseme jirani anakuuzia kiwanda chake kidogo cha kupasua mbao kwa shilingi milioni 40. Ukiuliza, unaambiwa kina deni la benki la milioni 25, na anayekinunua analirithi. Katika akaunti ya kiwanda zimo milioni 5, nazo zitakuwa zako. Je, umenunua kwa shilingi ngapi? Chukua 40, ongeza 25, toa 5. Umenunua kwa milioni 60. Hiyo ndiyo thamani ya biashara nzima. Ile milioni 40 ni fungu la mwenye mali tu.

Kampuni kubwa nazo hupimwa hivyo hivyo. Zidisha bei ya hisa moja kwa idadi ya hisa zote, ongeza madeni, toa fedha taslimu. Mwaka 2018 kampuni ya Microchip ya Marekani iliinunua Microsemi, nayo ya chipu. Wenye hisa walilipwa jumla ya dola bilioni 8.35 hivi. Lakini thamani ya biashara nzima ilitangazwa kuwa dola bilioni 10.15, kwa sababu madeni ya Microsemi yalizidi fedha zake. Mtu aliyetazama hisa peke yake aliacha dola bilioni 1.8 nje ya hesabu.

Ndugu zangu, kuacha deni nje ya hesabu kuna gharama. Mwaka 2021 hisa moja ya Wolfspeed, watengenezaji wa chipu wa Marekani, ilifika zaidi ya dola 100. Mwezi Mei 2025 ilikuwa chini ya dola 5. Wako walioona kuwa ni rahisi. Lakini nyuma ya hisa hiyo palikuwa na madeni ya mabilioni ya dola, yaliyokopwa kujengea viwanda. Mwezi Juni kampuni iliomba ulinzi wa mahakama, ili ipunguze madeni yake kwa dola bilioni 4.6 hivi. Mpango huo uliwaachia wenye hisa wa zamani kati ya asilimia 3 na 5 tu ya hisa mpya. Mwenye kudai hulipwa kwanza. Mwenye hisa hupata kinachobaki.

Liko na jambo la mitambo. Wataalamu hupenda kuilinganisha thamani ya biashara nzima na faida iliyohesabiwa kabla ya kutoa riba, kodi na uchakavu wa mitambo. Kwa chipu, kipimo hicho kinaweza kupotosha. TSMC ya Taiwan ilitumia karibu dola bilioni 30 mwaka 2024 kwa majengo na mitambo. Nvidia husanifu chipu zake na kuwapa wengine kazi ya kuzitengeneza. Uchakavu wa kampuni hizi mbili haulingani hata kidogo, kwa hiyo msizipime kwa kipimo kimoja.

Wadogo zetu, msidhani haya ni ya ng'ambo tu. Nyeri, nchini Kenya, kipo kiwanda cha Semiconductor Technologies Limited katika eneo la Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Hisa zake haziuzwi sokoni, hivyo hakuna bei ya kusoma gazetini. Hapo ndipo anahitajika mtu ajuaye kukaa na vitabu vya hesabu. Someni hisabati na fizikia. Huenda mtu huyo akatoka hapa Kilolo.

Nashauri tuulize maswali matatu kabla ya kura. Kwanza, kampuni inadaiwa kiasi gani, na deni linaiva lini? Pili, ina fedha taslimu kiasi gani? Tatu, kila mwaka inatumia kiasi gani kwa mitambo ili isiachwe nyuma na wenzake? Atakayeleta rai bila majibu hayo, tumwombe akayatafute kwanza.