Kideri Kikiingia, Usikimbilie Sokoni

(MUZIKI WA KIPINDI, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Mlioko Base Camp, Juru, Rubondo na kila kona ya Nakivale, leo tunazungumza juu ya kuku wanaokufa ghafla.

Tangu msaada wa chakula upunguzwe mwaka 2023, kuku watano nyuma ya nyumba ni mali. Ni sabuni, ni daftari la mtoto, ni nauli ya kwenda hospitali Mbarara. Ndiyo maana kuku mmoja akianza kusinzia, mtu anawaza: niwauze wote leo, kabla hawajafa. Mama, baba, tunakuelewa. Lakini hapo ndipo ugonjwa unapopata miguu.

Ugonjwa huo ni kideri, wengine wanauita mdondo. Kuku anaacha kula, anashusha mabawa, anahema mdomo wazi. Kinyesi kinakuwa kijani. Baadaye shingo inapinda au miguu inapooza. Kuku wasiochanjwa wanaweza kufa karibu wote kwa siku chache.

Kideri kinaletwa na kirusi, na hakina dawa. Kapsuli za watu, pilipili, shubiri, vyote haviponyi. Kifaranga akiharisha damu, huenda ni ugonjwa mwingine wenye dawa. Kwa hiyo mweleze afisa mifugo dalili zote kabla ya kununua chochote.

(MUZIKI MFUPI)

Sasa, ufanye nini?

Kwanza, wafungie kuku wako. Wagonjwa wakae mbali na wazima. Hudumia wazima kwanza, wagonjwa mwisho, kisha osha mikono na viatu kwa sabuni. Kirusi kinasafiri kwa kinyesi, kwa tenga na kwa viatu.

Pili, usiuze kuku mgonjwa wala usimpe mtu zawadi. Waliokufa wachome au wazike shimo refu, mbwa wasiwafukue.

Tatu, mwambie jirani na mwenyekiti wa kijiji siku hiyo hiyo. Najua ni vigumu, unaogopa watasema kuku wako ndio wameleta ugonjwa. Lakini ukinyamaza, kijiji kizima kitapoteza kuku, na wewe ukitaka kuanza upya utapata wapi mbegu?

Kinga ni chanjo, na anachanjwa kuku mzima tu. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, unarudia kila baada ya miezi mitatu au minne. Iulizie kwenye maduka ya dawa za mifugo, kama yale ya Mbarara mjini. Kichupa kimoja kinaweza kutosha kuku mia au zaidi, na kikishachanganywa kinatumika siku hiyo hiyo. Mwenye kuku watano peke yake atamwaga pesa. Majirani ishirini wakichanga, kila mmoja anatoa kidogo.

Kwa hiyo hesabuni kuku wa majirani kwanza. Changeni. Mtumeni mtu mmoja, abebe chupa ya chai yenye barafu ndani, maana chanjo ikikaa kwenye joto muda mrefu inaharibika. Siku ya kuchanja, kuku wasifunguliwe asubuhi.

Na ukinunua kuku mpya, mtenge wiki mbili kabla ya kumchanganya na wenzake.

Kuku wa jirani akiwa mzima, na wako ana usalama.

(MUZIKI WA KUFUNGA)