Manjano, Sukari na Usahaulifu

Leo tuzungumzie kisukari na usahaulifu, maana sokoni manjano yanauzwa kama dawa ya vyote viwili.

Uhusiano wa maradhi hayo upo kweli. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa midogo ya damu, na ubongo, unaotumia takriban asilimia 20 ya nishati ya mwili mzima, hausalimiki. Ndiyo maana wenye kisukari cha aina ya pili hupoteza kumbukumbu uzeeni kwa wingi kuliko wenzao.

Sasa manjano. Ile rangi isiyotoka vidoleni ni kurkumini. Maabarani, panya huchomwa sindano ya streptozotosini, kemikali inayoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Akishapata kisukari, hutiwa kwenye beseni kubwa la maji yaliyofanywa meupe, kwa mfano kwa maziwa, aogelee mpaka alifikie kwa miguu jukwaa dogo lililozamishwa humo. Jaribio hilo alilibuni Richard Morris wa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Panya mwenye kisukari huzungukazunguka tu. Aliyelishwa kurkumini, katika tafiti kadhaa, hukumbuka na kufika upesi zaidi.

Heri yake panya! Kwako wewe tatizo ni kipimo. Kijiko cha chai cha manjano kina takriban miligramu 90 za kurkumini, na nyingi hupita tumboni bila kuingia kwenye damu. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2, yaani zaidi ya vijiko 20, wakaikuta kwenye damu kidogo mno. Walipoongeza piperini ya pilipili manga, ikapanda mara 20 hivi. Lakini piperini hiyohiyo huweza kupandisha na dawa nyingine unazomeza. Mchuzi kula bila hofu; vidonge vya mchanganyiko huo mwoneshe daktari kwanza.

Dawa ya kisukari iliyothibitika, yenye asili ya mmea, labda unayo tayari kwenye mfuko wako: metformini ilitokana na utafiti wa galega, mmea wa Ulaya. Ila ikimezwa miaka mingi huweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo nao huleta usahaulifu na ganzi miguuni. Siku ya kliniki, ulizia kipimo cha damu cha vitamini hiyo. Ukikutwa umepungukiwa, utapewa vidonge au sindano. Metformini usiiache mwenyewe.