Dawa ya Shambani Itakwenda Wapi Mvua Ikinyesha?



Ukipiga dawa shambani asubuhi na mvua ikanyesha jioni, dawa ile itakwenda wapi? Itazama mpaka kwenye maji ya kisima, au itabaki udongoni? Hili si swali la wataalamu peke yao, maana maji ya kisima tunayanywa sisi na watoto wetu.

Ziko dawa zinazong'ang'ania udongo kama kupe, na ziko zinazosafiri na maji. Wakemia wanaweza kubashiri kabla mvua haijanyesha. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani, Karickhoff, Brown na Scott, walieleza vipimo vyao vya tope la mito na mabwawa. Waliona kwamba dawa zisizopenda maji hushikwa hasa na mboji, yaani mabaki ya majani na mizizi yaliyooza. Mchanga mtupu hushika kidogo sana.

Kwa nini mboji? Kwa sababu ina tabia ya mafuta-mafuta. Kanga ikidondokewa mawese, utaisuuza kwa maji matupu mpaka uchoke, doa liko palepale. Basi na dawa ni hivyohivyo. Mkemia huchukua chupa, akatia maji na kitu kinachoitwa oktanoli, ambacho hakichanganyiki na maji, kisha akatia dawa na kutikisa. Vikitengana, hupima dawa imekimbilia upande gani. Ikiwa nyingi imo kwenye oktanoli, ujue hata shambani itakimbilia mboji.

Sasa tupige hesabu kidogo, si ngumu. Kila dawa ina namba yake ya kunata. Ya atrazini, dawa ya magugu ya mahindi, ni karibu 100. Mboji nayo hupimwa kwa kaboni iliyomo. Udongo mweusi wenye kaboni 2 katika 100 utatupa 100 × 2 ÷ 100 = 2. Maana yake, kilo moja ya udongo huo itashika dawa mara mbili ya ile iliyobaki katika lita moja ya maji yanayougusa. Kichanga chenye kaboni nusu tu katika 100 kitatupa nusu. Hapo lita ya maji ndiyo yenye dawa zaidi, na maji hayo yanateremka. Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya ulikataa kuendelea kuiruhusu atrazini kwa ajili ya hofu hiyohiyo ya maji ya chini ya ardhi.

D.D.T. ni kinyume kabisa. Namba yake hukadiriwa kufika 2,000,000. Haiendi kisimani kwa urahisi. Lakini mtu asiseme, "Basi imekwisha." Mwaka 1986 shamba la Vikuge, huko Kibaha, lilipokea dawa kuukuu za msaada kutoka Ugiriki. Banda lililozihifadhi likaanguka, dawa zikaingia ardhini. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipopima udongo ule zaidi ya miaka kumi baadaye, D.D.T. ilikuwa bado imo kwa wingi. Udongo wa namna hiyo ukichukuliwa na mvua mpaka mtoni, tope linabeba sumu, wadudu wa topeni wanaila, samaki wanakula wadudu, nayo inakaa katika mafuta yao.

Hesabu hii haifai kwa kila dawa. Glaifosati huyeyuka vizuri majini. Ukifuata oktanoli utasema itakwenda mbio kisimani. Kumbe hunaswa na madini ya chuma na aluminiamu yaliyomo udongoni! Parakwati nayo ina chaji ya umeme, hushikwa na mfinyanzi. Kwa dawa za jinsi hiyo, mtu akikuletea namba ya oktanoli peke yake, usimkubalie.

Kwa hiyo tukikagua shamba, tuulize mambo mawili: dawa ni ipi, na udongo ni upi. Kwa dawa inayonata, tuangalie mmomonyoko: tuweke makinga maji na tuache ukanda wa majani kando ya mto. Kwa dawa inayosafiri, tuangalie kichanga ambacho maji yako karibu chini yake. Hapo isipigwe jirani na kisima, wala bomba la kupigia dawa lisioshewe pale.