Sinema ya Mto na Gharama Yake



Nataka kuwaeleza habari za sinema moja iliyosifu kazi ya kuuokoa mto. Jina lake ni The River. Ilitengenezwa Marekani na Bwana Pare Lorentz, ikaonyeshwa mwaka 1937.

Serikali ya huko ilikuwa ikijenga kuta kubwa za kuzuia maji katika bonde la mto Tennessee, ambao huingia katika mto Ohio. Bwana Lorentz hakuanza na kuta hizo. Alionyesha kwanza milima iliyokatwa miti, na udongo ukichukuliwa na maji. Januari 1937 mto Ohio ulipofurika, aliwapeleka wapiga picha wake penye gharika, watazamaji waione hasara kwa macho yao. Maana mtu hawezi kuisifu dawa asipoujua ugonjwa.

Lakini sinema ile ina upungufu. Ukuta wa Norris, uliokwisha mwaka 1936, ulihamisha jamaa karibu 3,000, nayo haikusimulia habari zao. Basi atakayetengeneza sinema ya kusifu kazi kama hiyo, na awasikilize pia waliotoa mashamba yao. Sifa inayoficha gharama haiaminiwi.