Hati ya Kiapo: Neno Lililosemwa katika Maadhimisho ya Miaka Mia Moja



Nimeombwa niseme juu ya Walutheri waliotutangulia nyakati za vita. Naomba twende mbali kidogo, hadi Pennsylvania, Marekani. Huko alifika mwaka 1742 Mchungaji Henry Melchior Muhlenberg, aliyetumwa kutoka Halle, Ujerumani. Kazi yake ilikuwa ya njiani: farasi, tope, na sharika zilizotawanyika zikingoja Neno na Sakramenti.

Tangu mwaka 1727, wanaume wa Kijerumani walioshuka Philadelphia waliapishwa kumtii Mfalme wa Uingereza. Ndipo vikaja vita vya uhuru. Tarehe 13 Juni 1777 Bunge la Pennsylvania likatunga sheria kwamba wanaume Wazungu wote waliozidi miaka 18 wamkane Mfalme George wa Tatu na kuapa kuwa waaminifu kwa Jimbo. Aliyeapa alipewa hati. Aliyesafiri nje ya wilaya yake bila hati hiyo aliweza kushukiwa kuwa mpelelezi na kufungwa mpaka aape. Aliyekataa hakuweza hata kudai deni lake mahakamani, wala kununua ardhi.

Wamenoni waliteseka zaidi; kwao kuapa kwenyewe ni dhambi. Sisi Walutheri, Ungamo la Augsburg, kifungu cha 16, laturuhusu kuapa serikali inapotaka. Lakini halisemi mtu afanyeje na kiapo cha kwanza. Warumi 13 yatuamuru kutii mamlaka iliyo kuu. Ni ipi, ikiwa kila upande wauita mwingine mwasi?

Mzee Muhlenberg aliyaona hayo akiwa Trappe, nje ya mji. Mwanawe Peter, naye mchungaji, alikuwa jenerali wa Washington. Septemba 1777 Waingereza waliiteka Philadelphia, wakaligeuza Kanisa la Zion, alimokuwa akihubiri mzee huyo, kuwa hospitali ya askari wao. Baba wa jenerali angepitaje kwenye vizuizi vyao? Na hati iliyomwokoa mtu upande mmoja wa barabara ingemtia hatiani upande wa pili. Sidhani wabunge waliliwaza hilo.

Waingereza waliondoka mjini Juni 1778, na mwaka 1783 Mfalme mwenyewe akakiri uhuru wa Marekani. Muhlenberg alilala katika Bwana mwaka 1787. Sheria za kiapo zilifutwa mwaka 1789.