Mgombea binafsi: Hukumu ya Dodoma bado inadai utekelezaji

Msikilizaji, tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, hapa hapa Dodoma, alitoa hukumu katika shauri namba 5 la mwaka 1993. Mdai alikuwa Mchungaji Christopher Mtikila. Jaji alisema Mtanzania ana haki ya kugombea uongozi hata kama hana chama kinachomdhamini.

Furaha ya waliomuunga mkono mchungaji ilikuwa fupi. Muswada wa kuzuia jambo hilo ulikwisha kufikishwa bungeni shauri likiwa bado mikononi mwa jaji, na tarehe 2 Desemba mwaka huohuo Bunge likaupitisha. Haki iliyotamkwa na mahakama ikafungwa kwa mabadiliko ya Katiba.

Mtikila hakukata tamaa. Alirudi mahakamani mwaka 2005, na Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam wakampa tena ushindi. Serikali ikakata rufaa. Juni 2010, majaji saba wa Mahakama ya Rufani, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, wakatengua ushindi huo wakisema suala hili ni la kisiasa na wa kulimaliza ni Bunge. Mchungaji akaenda Arusha, sambamba na Chama cha Wanasheria wa Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikasema Tanzania imevunja Mkataba wa Afrika, na ikaiagiza irekebishe sheria zake. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu. Karatasi za kura za uchaguzi ule hazikuwa na mgombea binafsi hata mmoja.

Chukua Katiba yako usome. Ibara ya 20(4) inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Ukifika Ibara ya 39 na ya 67, unaambiwa huwezi kugombea urais wala ubunge bila kuwa mwanachama wa chama cha siasa na kupendekezwa nacho. Mimi sioni jinsi ibara hizi zinavyokaa nyumba moja. Haki ya kutojiunga ina thamani gani, ikiwa anayeitumia anafungiwa mlango wa uongozi?

Na jambo hili halihusu wakubwa tu. Mkulima wa alizeti wa Kongwa, au wa zabibu kule Hombolo, anayesuluhisha ugomvi wa mipaka na kuaminiwa na kijiji kizima, hawezi kugombea hata uenyekiti wa kitongoji chake mpaka kwanza achukue kadi. Majirani wanamtaka. Chama kikimkata jina, basi.

Wapo wanaohofia vurugu, na hofu yao naiheshimu. Kenya iliruhusu wagombea binafsi kwa Katiba yake ya mwaka 2010, na Uganda wamejaa bungeni, lakini vyama katika nchi hizo havijafa. Hapa kwetu, rasimu ya Katiba mpya iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Warioba nayo ilimkubali mgombea binafsi, ila kura ya maoni ya Katiba hiyo iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 iliahirishwa, na haijapigwa.

Mahakama ya Rufani ilisema kazi hii ni ya Bunge. Bunge linakaa hapa Dodoma, na wenye mamlaka ya kurekebisha ibara hizo ni wabunge wetu. Msikilizaji wa Mpwapwa, wa Bahi, wa Chamwino, mbunge wako akija kwenye mkutano wa hadhara, simama umuulize: muswada wa mgombea binafsi utaupeleka lini?