Majumba ya Baraza: Hotuba Iliyosomwa Mbele ya Wanachama, Kimamba



Tumetakiwa kusema habari za majumba ya baraza. Neno lenyewe latupa mwanzo. Baraza kwanza ni pale mbele ya nyumba, watu waketipo jioni na kupokea wageni. Kisha likawa jina la mkutano. Mwisho likawa jina la nyumba yenye meza ya karani.

Kimamba yetu ni mtoto wa reli na mkonge. Reli iliyoanzia Dar es Salaam mwaka wa 1905 ilifika Morogoro 1907 na Kilosa 1909, na mashamba ya mkonge yakaifuata. Wafanya kazi wakaja kutoka nchi za mbali, na wenyeji wakapata majirani wasiowajua kwa ukoo. Shauri la watu wa namna hii haliishi chini ya mti kwa kuitana wajomba. Lataka mahali, saa, na daftari.

Baada ya Sheria ya mwaka wa 1926 ya watawala wa wenyeji, hazina zao, ambazo mfuko wake ulitokana na kodi, zilijenga mabaraza katika sehemu nyingi za Tanganyika. Hapa twaomba tusikilizwe vizuri. Wengi huyaita majumba yale mali ya Serikali ya wakoloni, kana kwamba yalishuka melini pamoja na masanduku. La! Aliyelipa ni mkulima, na mkata mkonge, na karani pia.

Nasi makarani tumejua faida ya nyumba ya kukutania tangu zamani. Bwana Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi wa Serikali Waafrika huko Tanga mwaka wa 1922. Na katika nyumba ya chama, Dar es Salaam, TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai, 1954.

Mamlaka ya machifu yaliondolewa 1963. Halmashauri za wilaya zikavunjwa 1972, vijiji vikapata sheria yao 1975, na sheria ya 1982 ikazirudisha halmashauri. Kila mara kibao cha mlangoni kilibadilika, na ufunguo ukapata bwana mwingine. Kuta hazikuhama, makaratasi ndiyo yahamayo. Siku ya ugomvi wa kiwanja, nyumba isiyo na karatasi ni kama mtoto asiye na shahidi.

Kwa hiyo twaleta ombi. Kimamba A na Kimamba B waulizwe wazee wangali hai: nani alitoa ardhi, nani alichoma matofali, bati lilinunuliwa kwa mchango gani. Majibu yaandikwe kwa nakala mbili, moja ikae hapa, ya pili ipelekwe Kilosa. Wino usiwe wa kufifia, tafadhalini. Daftari tumekwisha kulinunua. Liko mezani kwa Bwana Katibu.